Naomba ushauri: simu mpya inapiga ila data haishiki

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi nilinunua simu ya laini mbili pale barabara ya Luthuli, Nairobi. Kupiga na meseji ziko sawa, hata Wi-Fi inashika, ila data imekataa kabisa: alama ya 4G iko juu ya skrini, halafu ukurasa unazunguka tu. Bando lipo, maana laini hiyohiyo nikiirudisha kwenye simu ya zamani inafungua mara moja. Nimezima na kuwasha, nimechagua laini ya data. Sehemu ya APN (mipangilio inayoiunganisha simu na intaneti ya laini) nimeikuta tupu, na hapo ndipo nimekwama.

Je, ninakili ile ya simu ya zamani neno kwa neno? Na aina ya APN niiache wazi au niandike "default"? Mama yuko kijijini, huwa tunaonana kwa video tu. Tafadhali nisaidieni.