Naombeni ushauri: Uchovu wa kazi umenifanya mwalimu mkali kuliko nilivyokusudia

Mleta mada

Habari zenu, walimu wenzangu na wadau wote. Nafundisha hisabati, na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Nina vipindi 28 kwa wiki, na madaftari ambayo huyabeba kwenda nayo nyumbani karibu kila jioni, mengine yakarudi shuleni bila hata kufunguliwa.

Jumanne iliyopita mwanafunzi mmoja aliniomba nirudie namna ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Nilikipiga kifutio mezani kwa nguvu hadi vumbi la chaki likatimka, nikamuuliza alikuwa wapi nilipokuwa nikieleza. Hakujibu. Aliushusha mkono taratibu, akakifuta kile alichokuwa ameanza kuandika, na tangu siku hiyo hajaunyoosha tena. Sikuwa mwalimu wa namna hii.

Usiku nalala, lakini naamka nikiwa nimechoka kama sikulala. Mwenzangu mmoja amenishauri nijifunze kutulia na kufuatilia pumzi, ila nina hofu mbili: muda sina, na naogopa kwamba itakuwa kujifariji tu huku mzigo ukibaki palepale. Je, yupo aliyejaribu akaona badiliko? Naomba kuwasilisha.

Mwalimu Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Nilishika chaki miaka 34, na hicho kifutio nakijua.

Kabla ya pumzi na mengineyo, mtafute huyo mtoto umwombe radhi, kwa maneno machache na bila kujieleza sana. Ukiliacha jambo hilo, kila utakapoingia darasani humo utakuwa unaingia na deni, na deni la namna hiyo huchosha kuliko vipindi vyenyewe.

La pili ni zoea dogo lililonisaidia sana. Kila nilipofika kwenye mlango wa darasa nilisimama kidogo, nikaweka mkono kwenye kitasa, nikausikia ubaridi wa chuma, nikashusha pumzi moja ndefu ndipo nikafungua. Ni sekunde 10 tu. Hata hivyo, kwa vipindi 5 au 6 kwa siku, nilikuwa nimeyaacha nje ya mlango mara 5 au 6 yale niliyotoka nayo darasa lililotangulia.

Chaki Nyeupe

Alichokueleza mzee wetu ndicho hasa kinachofundishwa kwa majina makubwa zaidi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha mafunzo, ambayo siku hizi huchukua wiki 8, kwa wagonjwa waliosumbuliwa na maumivu na msongo wa muda mrefu, na msingi wake ni huo huo: kuelekeza fikra kwa makusudi kwenye jambo linalotokea sasa, bila kulihukumu.

Wengi hukata tamaa mapema kwa kudhani kwamba wanatakiwa kuifanya akili iwe tupu. Akili haiwi tupu. Utaanza kufuatilia pumzi, baada ya muda mfupi utajikuta unawaza mtihani wa Ijumaa, na pale unapogundua kwamba umepotea ukarudi kwenye pumzi, hapo ndipo penye zoezi lenyewe. Uwezo huo wa kugundua ndio utakaokufaa siku mkono utakapokuwa umekishika kifutio, kwa sababu utaisikia hasira ikiwa bado kifuani, haijafika mkononi. Ukitaka kuanza, vuta hewa kwa kuhesabu hadi 4 na uitoe kwa kuhesabu hadi 6. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo hupungua kasi.

Mtetezi wa Walimu

Nayakubali hayo, lakini hofu ya pili ya mleta mada isipuuzwe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu huu katika uainishaji wake wa magonjwa kuwa ni hali inayohusiana na kazi, si ugonjwa, nalo likataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba utendaji umeshuka. Chanzo chake ni msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Tukimwambia mwalimu avute pumzi tu, tunamtwisha kazi nyingine juu ya zile alizonazo. Utafiti mkubwa wa shule za sekondari za Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba walimu waliopata mafunzo haya walipungukiwa na uchovu mwanzoni, lakini nafuu hiyo kwa sehemu kubwa ilififia baada ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo dada, punguza madaftari. Katika maswali 10, sahihisha kwa makini yale 2 yanayoonyesha kama mbinu imeeleweka, na mengine wanafunzi wajisahihishie wakati unayafanya ubaoni. Chagua jioni 2 ambazo hutabeba daftari hata moja, kisha mweleze mkuu wa idara kwa takwimu zako: vipindi vingapi, madaftari mangapi, saa ngapi. Malalamiko ya jumla ni rahisi kuyapuuza, hesabu si rahisi.

Mnasihi

Naongeza moja tu. Ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kunadumu siku nyingi kwa wiki 2 au zaidi, usisubiri likizo. Muone daktari au mnasihi. Na ikiwa kufumba macho kunakuletea kumbukumbu zinazokuumiza, usijilazimishe. Yaache macho wazi, uzisikilize nyayo zako zinavyokanyaga sakafu.

Mleta mada

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno. Leo asubuhi nilimsubiri yule mwanafunzi nje ya darasa nikamwomba radhi. Alitazama chini kwa muda, kisha akaniuliza kama sasa anaweza kuuliza lile swali. Tulilifanya palepale, karatasi ikiwa imebanwa ukutani kwa kiganja changu: 6 na 8, tukafika 24.

Jumatano na Ijumaa sitabeba madaftari. Mtetezi wa Walimu, wazazi wanapoyaona maswali ambayo hayana alama ya kalamu yangu, huwa unawaelezaje?