Naomba ushauri: tovuti yangu ya picha za Mji Mkongwe niihamishe kutoka Gallery 2, au niiache ilivyo?

MpigaPicha_Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo linanikosesha usingizi, na humu najua mafundi wapo.

Nina tovuti ya picha za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Niliianzisha 2006 kwa Gallery 2, programu ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa ikivuma kwa mtu anayetaka kuweka picha kwenye seva yake mwenyewe. Sasa hivi ina picha kama 9,000: milango, baraza, vichochoro vya Kiponda na Sokomuhogo, maulidi, harusi, na picha za zamani ambazo familia zilinikabidhi nizipige skani. Jumba la Beit al-Ajaib nimelipiga ndani na nje miaka mingi kabla sehemu yake haijaporomoka Desemba 25, 2020. Tangu siku ile wanafunzi wa usanifu majengo huniandikia mara kwa mara wakitaka kuona nguzo na roshani zilivyokuwa.

Kampuni inayonihifadhia tovuti imeniletea barua pepe kwamba inaondoa PHP 5.6, toleo la zamani la lugha inayoendesha programu yangu, kwenye seva zake. Nimejaribu kupandisha toleo kwenye cPanel (ukurasa wa kusimamia hosti), ukurasa ukawa mweupe pe, hata ujumbe wa kosa hakuna. Nikarudisha haraka.

Nimewaza Gallery 3, kwa kuwa ni ndugu yake. Nimewaza pia Piwigo, programu nyingine ya albamu za picha. Lakini picha haziniumizi kichwa, nakala za asili ninazo kwenye diski mbili. Hofu yangu ni maneno. Kila picha ina maelezo: mtaa, nyumba ya nani, mwaka gani. Na chini yake watu walioko Muscat, London na Dar wameandika maoni wakiwataja kwa majina wazee waliomo pichani. Mengine hayo mimi mwenyewe sikuyajua. Halafu kuna linki: watu wamezitaja kwenye tasnifu zao. Zikivunjika nitajisikia vibaya sana.

Nihame au nibaki? Na kama ni kuhama, niende wapi?

Fundi_Seva

Wa alaykum salaam mkuu. Kubaki hakupo, tuliondoe hilo kwanza. PHP 5.6 iliacha kupewa viraka vya usalama Desemba 31, 2018. Hata ukipata hosti mwingine anayeiacha, utakuwa umeweka kazi ya maisha yako kwenye nyumba isiyo na komeo. Ule ukurasa mweupe usikushangaze: PHP 7 iliondoa vitu vingi ambavyo programu za umri ule zilivitegemea.

Gallery 3 usiende. Ilitoka 2010, na 2014 wenyewe wakatangaza wanasimamisha kazi. Wapo watu wanaoirekebisha kwa kujitolea ili iende kwenye PHP mpya, na nawaheshimu, ila hutaki kuhama leo halafu uhame tena baada ya miaka mitatu. Piwigo ipo tangu 2002, zamani ikiitwa PhpWebGallery, na bado matoleo mapya yanatoka. Kwa idadi yako ya picha inatosha kabisa.

Kamera_Nyali

Kaka, mimi tovuti niliachana nayo. Kazi zangu zote ziko Instagram na Facebook, wateja wako huko huko, na sijalipia hosti tena. Kwa nini usifungue ukurasa ukapakia taratibu?

Dada_Makavazi

@Kamera_Nyali kwa mpigapicha wa harusi anayetafuta wateja nakubaliana nawe. Kwa hii ya ndugu yetu hapana. Mitandao ile inapunguza picha na kuondoa sehemu kubwa ya taarifa zilizomo ndani ya faili. Mwanafunzi anayetaka kukuza picha aone nakshi za mlango hatapata kitu. Na kutafuta picha ya mtaa fulani ya mwaka fulani kwenye ukurasa wa Facebook ni mateso.

MpigaPicha_Malindi, nafanya kazi kwenye makavazi na naomba unisikilize hapa. Umeuliza uhamie programu gani. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: maelezo yako yanaishi wapi? Hivi sasa yamo ndani ya kanzidata ya Gallery 2, na faili la picha lenyewe halijui lolote. Mtu akishusha picha ya mlango wa Hurumzi akaipeleka kwingine, amebeba picha bubu. Kwa hiyo kabla hujagusa Piwigo, toa maneno kwenye kanzidata uyaandike ndani ya picha, kwenye sehemu za IPTC na XMP, yaani nafasi za maandishi zilizomo ndani ya faili la picha. Ukishafanya hivyo, programu yoyote utakayoichagua itayasoma, na siku ukiichoka utaondoka bila kuacha kitu nyuma.

Njia ninayoitumia: ingia phpMyAdmin, ukurasa wa kufungulia kanzidata. Jedwali la g2_Item lina g_title na g_description. Jina la faili liko g2_FileSystemEntity, safu ya g_pathComponent. Yanaunganishwa kwa g_id. Albamu iliyobeba picha utaipata kupitia g2_ChildEntity. Toa CSV moja (faili la jedwali la maandishi tupu), safu ya kwanza uiite SourceFile iwe na njia ya faili, kisha uitumie na ExifTool, programu ya bure ya kuandika taarifa ndani ya picha:

exiftool -csv=maelezo.csv picha/

Kichwa cha maelezo kwenye CSV kiwe Caption-Abstract kwa IPTC, na Description kwa XMP. Jaza vyote viwili. Angalizo: ExifTool huacha nakala ya kila faili ikiwa na _original mwishoni mwa jina. Ni ulinzi mzuri, ila nafasi ya diski itajaa mara mbili, kwa hiyo nenda albamu kwa albamu.

Maoni ya watu yako g2_Comment. Hayo usiyachukulie kama mapambo. Mzee aliyemtambua mtu pichani amekupa taarifa ambayo pengine haipo mahali pengine popote. Yasome yote. Jina lililotajwa liingize kwenye maelezo ya picha, na useme limetoka kwa nani na lini.

MpigaPicha_Malindi

Dada, Mwenyezi Mungu akulipe. Hili la kuandika ndani ya picha sikuwahi kulifikiria hata siku moja.

Kinachonitisha sasa ni bando. Nikipakia upya picha 9,000 kutoka nyumbani nitafilisika.

Fundi_Seva

Usipakie chochote kutoka nyumbani. Waulize hosti kama wanakupa SSH, yaani njia ya kuingia kwenye seva na kuiamrisha ukiwa mbali. ExifTool inatumia Perl, na seva nyingi zinayo tayari, kwa hiyo kazi yote unaifanya huko huko. Picha za asili za Gallery 2 zimo kwenye folda ya g2data/albums. Zinakiliwe ndani ya seva ile ile, usiziguse zile za mwanzo. Ukihamia hosti mwingine, programu ya rsync inapeleka mafaili kutoka seva moja hadi nyingine na bando lako halihusiki.

Weka Piwigo kwenye kikoa kidogo cha majaribio huku tovuti ya zamani ikiendelea. Kusoma IPTC huja kumezimwa, sharti ukuwashe kwenye faili la mipangilio kabla ya kulandanisha picha (Piwigo kuzisoma kutoka kwenye folda). Watu wengi wanaishia kusema Piwigo imepoteza maelezo kumbe haikuambiwa iyasome.

Jambo jingine ambalo hosti hakuambii: wengi wana ukomo wa idadi ya mafaili, mbali na ukubwa wa diski. Piwigo hutengeneza saizi nyingi za kila picha. Zidisha kwa 9,000 uone. Kwenye mipangilio zima saizi usizozihitaji, ubaki na kijipicha, ya kati, na kubwa moja kwa ajili ya wanaokuza.

mti_wa_mkungu

Naongeza njia ya tatu. Kama huongezi picha mpya tena, unaweza kuigandisha tovuti: unaishusha yote kwa amri ya wget --mirror ikawa kurasa za HTML tupu. Haina PHP wala kanzidata, hakuna cha kudukuliwa, na itafunguka hata miaka 20 ijayo. Unapoteza kutafuta na maoni mapya. Nimeifanya kwa tovuti ya skuli moja iliyofungwa na bado iko hewani.

Dada_Makavazi

Njia nzuri, na hata akihama nashauri aishushe hivyo hivyo kwanza aiweke pembeni kama ushahidi wa tovuti ilivyokuwa. Ila yeye bado anapokea picha za familia, na maoni ndiyo uhai wa kazi yake.

Kamera_Nyali

Na zile linki za kwenye tasnifu? Anazihifadhi vipi na programu imebadilika?

Fundi_Seva

Swali zuri. Linki za Gallery 2 nyingi ni main.php?g2_itemId= na namba. Andika main.php mpya ya mistari michache, uiweke pale pale ilipokuwa ya zamani. Kazi yake ni kusoma ile namba, kutazama kwenye jedwali dogo kwamba namba hii ya zamani sasa ni picha ipi kwenye Piwigo, na kumpeleka msomaji huko kwa 301, yaani alama ya kwamba ukurasa umehama kabisa. Jedwali hilo unalipata kwa kulinganisha njia za mafaili, maana picha ni zile zile. Google nayo itafuata. Usisahau kuhifadhi ile CSV yenye g_id, bila hiyo huwezi kulinganisha.

MpigaPicha_Malindi

Wakuu, narudi na mrejesho. Hosti wamenipa SSH. Nimeanza na albamu moja tu, ya Malindi, sehemu ya bandarini na soko la samaki. Maelezo yameingia ndani ya picha, na Piwigo imeyasoma bila tatizo. Nimefungua picha moja kwa simu, maelezo yapo. Nimeamua: nahama, ila maneno kwanza, albamu moja moja, na ya zamani haizimwi mpaka linki zote zimejaribiwa.

Kasoro moja: kila penye ng' pameharibika. Gari la ng'ombe limekuwa gari la ng&#039;ombe. Kiswahili chetu kina ng' nyingi, siwezi kurekebisha kwa mkono.

Fundi_Seva

Hiyo ni namna kanzidata ilivyohifadhi alama. Rekebisha kwenye CSV kabla ya kuandika ndani ya picha: tafuta &#039; weka ', tafuta &quot; weka ", na &amp; uiache ya mwisho kabisa. Hifadhi kwa UTF-8 (mpangilio wa herufi). Halafu irudie albamu ya Malindi, ExifTool itaandika juu ya yale ya mwanzo.

Dada_Makavazi

Na ukiwa hapo hapo kwenye CSV, ongeza safu ya mpigapicha na ya haki. Zile za familia weka jina la familia iliyokupa, wala usiweke lako. Ikikamilika tupe linki ya majaribio, mimi nitapitia maelezo na @Kamera_Nyali ajaribu zile za zamani.

Kamera_Nyali

Niko tayari. Nitumie hata zile za kwenye tasnifu nianze nazo.