Naomba ushauri: modeli yangu inaua nyungunyungu walio hai

Wakuu, habari za kazi. Natafiti shaba iliyojikusanya kwenye shamba la kahawa huko Moshi, lililopuliziwa mrututu (dawa ya ukungu yenye shaba) miaka mingi. Modeli yangu, ya kukadiria shaba inaua nyungunyungu wangapi, imetokana na majaribio ya siku 14 kwenye udongo wa kutengeneza: mchanga asilimia 70, kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) 20, mboji ya kinamasi 10. Kwa hesabu hiyo, nusu ya nyungunyungu shambani walipaswa kufa. Nikachimba chini ya migomba: wamejaa, wanene, wananiteleza vidoleni! Nahisi shaba ya zamani imeshikwa na mboji, haiwafikii. Sasa niingize pH (kipimo cha uchachu wa udongo) na mboji kwenye modeli, au nitumie shaba iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo badala ya shaba yote? Msimamizi anataka jibu Ijumaa, na kipima pH cha maabara kimekufa.