Tupeane uzoefu: kuunganisha rekodi za mashabiki za onesho moja la roki

Mwanzisha mada, Njiro, Arusha

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, salaam. Desemba iliyopita bendi ya roki kutoka Nairobi ilipiga hapa Njiro kwa saa moja na nusu, na kwa kuwa hakuna aliyerekodi kutoka kwenye mitambo, kilichobaki ni kile mashabiki walichonasa kwa simu zao. Nilikusanya rekodi tisa nikidhani ni kazi ya jioni moja. Imenichukua wiki sita.

Kwanza nilizipokea kwa WhatsApp kama video za kawaida, nazo hubanwa ili zipite haraka, hivyo matoazi yakasikika kama mtu anayekaanga dagaa. Ikabidi niwazungukie wenye simu mmoja mmoja, kuanzia Sakina hadi Usa River, flashi mkononi.

Kilichoniumiza kichwa hasa ni muda. Nililinganisha rekodi mbili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, kwa pigo la kwanza la ngoma, zikakaa sawasawa. Lakini kufikia nyimbo za mwisho kila pigo lilisikika mara mbili, utadhani bendi inapiga ndani ya pango. Kumbe kila simu ina fuwele yake ndogo ya kuhesabu muda, wala hakuna mbili zinazohesabu sawa: tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni huzaa sekunde 0.18 kwa saa moja, na sikio hulitambua hilo bila shida. Siku hizi nachagua rekodi iliyo ndefu kuliko zote kuwa mama, kisha hizo nyingine nazikata wimbo kwa wimbo na kuzipanga upya juu yake. Waliowahi kuifanya kazi hii watueleze yaliyowakuta.

Fundi mitambo, Pasua, Moshi

Ndugu, naona umesahau umbali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyesimama mita 34 nyuma ya mwenzake hulipata pigo lile lile sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Ukishalinganisha sauti zao, picha ya yule wa nyuma itatangulia, na itabidi uisogeze peke yake.

Kubwa zaidi ni hili: usizirundike zote tisa ukitarajia sauti nene. Rekodi mbili zinazokaribia kufanana zikipishana kwa milisekunde chache, baadhi ya mawimbi hufutana, na gitaa hubaki kama linalia ndani ya bomba. Niliwahi kuchanganya rekodi tatu za kwaya yetu, nikaishia kufuta mbili. Ninachofanya sasa ni kuweka moja kushoto na nyingine kulia, na zilizobaki zikae kimya hadi patokee pengo.

Mzee wa Kiboriloni, Moshi

Vijana, hamjambo. Miaka ya themanini mimi na shemeji yangu tulirekodi dansi moja, kila mtu na redio kaseti yake na kanda ya dakika 90, ambayo ni lazima uigeuze baada ya dakika 45. Tulikubaliana tusigeuze kwa wakati mmoja. Raha ya muziki ikatusahaulisha, tukageuza pamoja, na hadi leo wimbo ule una shimo. Betri za shemeji nazo zilikuwa zimechoka, kanda ikawa inazunguka polepole, hata tulipoisikiliza nyumbani kwa umeme waimbaji walikuwa na sauti za watoto. Mjukuu wangu aliirekebisha kwa kufuata mvumo wa umeme uliokuwa ukitoka kwenye spika za ukumbini, kwani umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Alipunguza mwendo hadi mvumo ukarudi mahali pake. Onesho likiwa la jenereta, msiuamini mvumo huo.

Dada wa Kijenge, Arusha

Shikamoo mzee. Rekodi yangu ni mojawapo ya hizo tisa, na niliitoa kwa aibu kwa sababu nilikaa nyuma kabisa, karibu na banda la mishkaki. Kumbe simu za waliokuwa mbele ya spika zilizidiwa, mawimbi yakakatwa vichwa, na kilichokatwa hivyo hakirudi hata ukipunguza sauti. Yangu ilikuwa hafifu lakini nzima, ndiyo ikafanywa mama. Ombi langu ni moja: dakika ya 12 nasikika nikigombana na muuza mishkaki kuhusu chenji. Naomba pafunikwe.

Mwanzisha mada

Dada, pamefunikwa na rekodi ya kijana wa Ngaramtoni, ingawa wenzangu walisikitika. Kuhusu ruhusa, niliwaandikia wanabendi kabla ya kumgawia mtu yeyote, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda pia msanii anayepiga jukwaani. Wamekubali tusikilize wenyewe bila kuuza. Wanabendi wa Grateful Dead wa Marekani walifikia hatua ya kuwatengea mashabiki wanaorekodi sehemu yao ukumbini kuanzia 1984, na wanabendi wa Radiohead wa Uingereza waliwapa mashabiki sauti safi ya onesho lao la Prague la 2009 ili iambatane na picha walizopiga wenyewe. Sisi tungeridhika na sauti ya mitambo ya wimbo mmoja.

Limebaki pengo la sekunde kama 40 mwishoni mwa wimbo wa nne, mvua ilipoanza na kila mtu akaficha simu. Hata rekodi mama ilitiwa mkobani. Sauti ipo, ila kama inatoka chini ya godoro. Aliyekuwa chini ya turubai upande wa kulia wa jukwaa na hakuzima, tafadhali aniletee faili lenyewe, si la WhatsApp.