Nastaafu mwezi wa sita, nataka kuzunguka kusini na gari peke yangu. Nianzie Iringa au nianzie Kilwa?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, nipo Dar, mwezi wa sita natimiza 60 na barua ya kustaafu nshapewa. Miaka 34 nimesimama ubaoni nawaambia watoto wa watu Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akausifia mji, Wareno wakaja 1505 wakauvamia, na mimi mwenyewe Kilwa Kisiwani sijawahi kuitia machoni hata siku moja. Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa hivyo hivyo, Songea hivyo hivyo. Yani nimesahihisha insha za Majimaji mpaka macho yameharibika lakini hilo kaburi lenyewe sijawahi kusimama mbele yake.

Sasa nataka nikishakabidhi ofisi, mwezi wa saba niingie barabarani. Dar, Morogoro, Iringa nione Isimila na Kalenga, Makambako, Songea, Tunduru, Masasi, Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa, narudi Dar. Kama kilomita 2,200 hivi kwa hesabu zangu. Gari ni Rav4 ile ya zamani mnaiita Miss Tanzania. Naomba ushauri nianzie upande upi, gari itahimili, na kwa mtu mmoja siku ngapi zinatosha. Asanteni.

Fundi Spana 14
Shikamoo mwalimu. Swali la kwanza injini gani? Kama ni 1ZZ twende kazi. Kama ni D4 niambie kwanza kabla hatujaendelea maana huko Tunduru sio kila kituo utakachokuta mafuta ni ya kuamini.

Kuhusu upande, ukianzia Iringa ule mlima wa Kitonga unaupanda, kwa hiyo ogopa joto: badilisha mipira ya rejeta, weka kulanti sio maji ya bomba, AC zima ukianza kupanda. Ukianzia Kilwa ndo utakuja kuishuka Kitonga ukiwa umechoka siku za mwisho, hapo ni breki, na ushuke na gia nzito, usije ukaweka nyutro kubana mafuta, malori mangapi yamelala pale kwa ujanja huo. Mi naona anzia Iringa. Tairi zina umri gani?

Chaki Nyeupe
Marahaba fundi. Ni 1ZZ. Tairi nlizikuta nazo, mwaka wa nne huu.

Fundi Spana 14
Badilisha zote nne. Sio mbili, nne.

Mzee wa Jahazi
Nakaa siti ya dirishani.

Somanga Boy
Mkuu bora unaenda mwezi wa saba. Mimi Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilinikuta natoka Lindi na mzigo wa samaki wakavu, barabara imekatika pale Somanga, madaraja yameondoka, foleni ya mabasi haina mwisho. Tulilala njiani siku mbili. Kina mama wa pale walianza kuuza chai kikombe 300, jioni 500, asubuhi yake 1,000. Na mimi nikaanza kuuza samaki palepale barabarani, nikwambie ukweli nilipata faida kuliko ningefika Dar. Kwa hiyo beba maji na biskuti na hela ndogondogo.

Binti Mngoni
Mwalimu karibu Songea. Naomba tu usipite kama watu wa mabasi wanaoshuka kukojoa wanapanda. Pale makumbusho ya Majimaji Mahenge ukae nusu siku. Wazee wetu 67 walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, wengi wako kaburi moja la pamoja, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake pembeni. Bibi yangu alikuwa kila mwaka siku hiyo anavaa kitenge kipya na hataki mtu aongee kwa sauti mpaka saa sita mchana. Ukipata muda fika na Peramiho, Wabenediktini wapo pale tangu 1898, sio mbali.

Kikokotoo Victim
Mwalimu hela ya safari unaitoa wapi? Maana mkupuo wa mafao wenyewe sa hv ni 40%, sio ile nusu waliyokula wenzetu zamani, zinazobaki unadonolewa kila mwezi mpaka ufe. Halafu usitegemee uagwe Juni uone mzigo Julai hiyohiyo. Mi nilikaa nasubiri mpaka nikawa namjua kwa jina mlinzi wa getini.

Babu wa Ukweni
Hizi safari ndo zinawamaliza wastaafu. Mjomba wangu alistaafu akanunua Coaster, akasema itamlisha, mwezi wa pili dereva anamletea hesabu pungufu, mwezi wa nne injini, mwezi wa saba mjomba anauza mahindi ya kuchoma kwenye kituo kilekile Coaster yake ilikuwa inashusha abiria. Mwalimu tulia na mkeo, fuga kuku.

Chaki Nyeupe
Sijasema nanunua Coaster ndugu yangu. Nauliza barabara.

Dada Sikujua
Mwalimu shikamoo. Naomba niulize kistaarabu. Mbona peke yako? Mama yuko wapi?

Chaki Nyeupe
Marahaba mwanangu. Mama watoto hapendi safari ndefu, miguu inamvimba. Turudi kwenye mada, Tunduru hadi Masasi kuna lami yote?

Somanga Boy
Lami yote siku hizi mkuu. Siku moja unatoka Songea asubuhi unalala Masasi, ila usiende usiku, mbuzi.

Dada Sikujua
Miguu inamvimba sawa, lakini anajua kama unaenda? Hujajibu hilo.

Mzee wa Jahazi
Nimesogea siti ya mbele kabisa.

Chaki Nyeupe
Anajua nasafiri. Nimemwambia nakwenda Dodoma kufuatilia mafao. Sio uongo mkubwa, hata Dodoma unapitia Morogoro.

Kipara Mchana
Hahahaha unapitia Morogoro! Mwalimu umetisha.

Dada Sikujua
Sasa kwa nini umfiche safari ya makumbusho? Mume wangu akiniambia anaenda kuangalia fuvu la Mkwawa nampakia na maandazi. Kuna kingine hujasema.

Chaki Nyeupe
Haya. Kwa vile mnalazimisha. Kuna kiwanja Mikindani, nusu eka, kinaangalia ghuba. Milioni 12, nimeshatanguliza 5 kupitia kwa dalali, nlichukua mkopo benki mshahara bado ukiwa unaingia. Ndoto yangu ni kustaafia pale, kinyumba cha vyumba viwili, baraza, vitabu vyangu. Nimeishi Dar kwenye makelele miaka yote. Nyumba yetu ya Kibaha imekwama kwenye lenta tangu 2015 na mama watoto anajua mkupuo ndo unaenda kuezeka. Najua mtasema. Lakini 5 sio hela nyingi, na kiwanja kikikaa kinapanda bei, hata yeye baadae atashukuru. Na sijamuacha mtu, ni mahali pa kupumzikia tu.

Babu wa Ukweni
Bora Coaster.

Kikokotoo Victim
Mkopo, kiwanja, lenta na safari, vyote kwenye 40% ileile? Mwalimu wewe ulifundisha historia kweli, hesabu hukugusa.

Binti Mngoni
Mama wa watu kasubiri bati miaka yote hiyo. Mungu anaona.

Kipara Mchana
Muacheni mzee wa watu, mwanaume lazima awe na kakitu kake pembeni. Kwanza Mikindani pazuri, Livingstone mwenyewe 1866 alianzia safari yake ya mwisho kule. Hakurudi lakini.

Fundi Spana 14
Tairi umeshabadilisha?

Mpelelezi Mstaafu
Wakuu poleni, mi naona tunakunywa chai, yani stori ya kutunga, na hakuna hata kitafunwa. Nimesoma uzi huu toka mwanzo na nimekwenda kusoma nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana kwenye ule uzi wa miji mikongwe ya pwani mleta uzi aliandika, nanukuu, "Mikindani maji yakikupwa ngalawa zinalala ubavu kwenye tope na ile harufu unaamka nayo mpaka inakuwa haikusumbui." Huyu ndo hajawahi kufika kusini? Kwenye picha utaona ngalawa, harufu ya tope huwezi kuipata kwenye picha. Ama hujawahi kufika na hii yote ni hadithi umetunga unatuchezea, ama umefika na umetudanganya. Chagua.

Mzee wa Jahazi
Nimenunua na karanga.

Kipara Mchana
Chai! Chai! Nilisema mimi, mwalimu gani wa serikali ana Rav4.

Binti Mngoni
Walimu wana magari mangapi we Kipara. Ila Mpelelezi ana hoja.

Kikokotoo Victim
Chai au sio chai, habari ya mkupuo niliyosema mi ni ya kweli, watu wasome hapo.

Somanga Boy
Mi ndo najisikia vibaya nimetoa stori yangu ya samaki kwa mtu wa kutunga.

Chaki Nyeupe
Naomba mnisome vizuri kabla ya kunitukana. Nilisema sijawahi kufika KILWA. Na Kalenga na Songea. Sikusema Mikindani. Nilipangiwa kazi kule 1991, ajira ya kwanza, nikakaa mpaka 1994. Hakuna aliyeuliza nilifikaje Mikindani bila kupita Kilwa lakini nitajibu: tulikuwa tunakwenda kwa meli. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ukitaka kwenda Mtwara kwa barabara unavuka na kivuko Ndundu, mvua zikianza husogei wiki nzima. Kwa hiyo Kilwa mimi nimeiona toka baharini, mbali, usiku, taa mbili. Nimemaliza.

Mpelelezi Mstaafu
Hapo kwenye kivuko cha Ndundu nakubali, baba yangu alikaa pale siku nne 1998 na jeneza. Nafuta kauli ya chai. Lakini mwalimu, kwa nini hukusema toka mwanzo kwamba uliishi kule?

Chaki Nyeupe
Kwa sababu nlijua mtakimbilia kwenye mwanamke.

Dada Sikujua
Kwani hakuna?

Chaki Nyeupe
Alikuwepo. Ni mambo ya ujana, sikuwa nimeoa. Nilihamishwa ikaishia hapo. Ameolewa, ana wajukuu, na hata sijaongea nae miaka thelathini na kitu. Kiwanja hakihusiani nae kabisa.

Dada Sikujua
Sawa. Na huyo dalali umempataje ukiwa Dar?

Mzee wa Jahazi
Dada huyu aajiriwe.

Chaki Nyeupe
Ni kaka yake. Lakini ni mtu mwaminifu, tulicheza mpira pamoja, tukakutana tena kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa zamani. Yeye ndo alinitumia picha ya kiwanja. Mnajua nini, hata nikifika nikakuta hakifai ntarudi zangu. Ndo maana naenda kuona.

Mpelelezi Mstaafu
Unaenda kuona baada ya kulipa 5. Karatasi uliyonayo ni ipi? Una muhtasari wa serikali ya mtaa, una mipaka imepimwa, una jina la anayeuza?

Chaki Nyeupe
Nina risiti ya M-Pesa na picha.

Babu wa Ukweni
Mungu wangu.

Binti Mngoni
Mwalimu nisikilize, mi nina umri wa wanao. Piga simu ofisi ya mtaa huko huko, sio kwa dalali, waulize nusu eka hiyo ya nani. Na hiyo ya Dodoma mwambie mama ukweli kabla hajausikia kwa mtu. Anaweza hata kukubali ukaenda. Songea ntakupokea mwenyewe na ukija nae ntawapikia likolo, mboga yetu ya Kingoni.

Kipara Mchana
Mi bado nataka kujua huyo dada wa Mikindani mume wake yupo hai?

Somanga Boy
Kipara acha ujinga. Mwalimu, ukifika Kilwa Masoko usikurupuke na mashua ya kwanza. Unapita kwanza ofisi inayosimamia magofu unachukua kibali, hapo ndo unavuka kwenda Kisiwani, nusu saa upepo ukikubali. Nenda asubuhi. Msikiti Mkuu ukae ndani yake peke yako kidogo, hasa kwenye zile kuba. Husuni Kubwa, lile kasri la kale, ni kutembea, jua kali, vaa kofia. Na Kivinje usiiache, ile boma ya Wajerumani inabomoka kila mvua, mwakani sijui utakuta nini.

Chaki Nyeupe
Asante sana kijana wangu, haya ndo nlikuwa nayataka toka mwanzo.

Dada Sikujua
Haya ndo uliyouliza, sio uliyoyataka.

*(siku mbili baadae)*

Chaki Nyeupe
Wakuu nimerudi. Ofisi ya mtaa nimepiga, karani anasema nipige Jumatatu mwenyekiti akiwepo. Dalali toka jana simu inaita haipokelewi, ila Mikindani mtandao nao unasumbua, mnajua. Jambo lingine ni la hapa nyumbani. Nilibadilisha tairi zote nne kama fundi alivyoshauri, risiti nikaisahau kwenye mfuko wa shati, mama watoto alikuwa anafua. Hakugomba. Ameiweka mezani, akaibana na kijiko isipeperuke na feni, tumekula mpaka tumemaliza. Halafu akauliza, "Baba Neema, hiyo barabara ya Dodoma imekuwaje mpaka inataka tairi nne?"

Mzee wa Jahazi
Ukamjibu nini?

Kikokotoo Victim
Mwalimu ukamjibu nini???

Dada Sikujua
Mwalimu?

Binti Mngoni
Yupo online namuona.

Fundi Spana 14
Hukusema umenunua mpya au za mtumba. Kama ni za mtumba angalia tarehe ubavuni kabla hujatoka.