Umeshapata kazi kwingine, halafu wa pili wanakuita: uwajibu au ule jiwe?

Wakuu, habari za asubuhi. Naleta hili kwa sababu limetugawa nyumbani kwetu Buhongwa tangu jana usiku, na najua halituhusu sisi peke yetu.

Mpwa wangu ni binti mwenye shahada ya uhasibu, na amezungusha vyeti mwaka wa pili sasa. Ijumaa iliyopita alisaini mkataba na ghala moja la pembejeo kule Nyakato, aanze tarehe mosi. Jana Jumatatu jioni ikaingia simu kutoka Geita. Kampuni moja inayotoa huduma kwenye migodi, aliyofanya nayo usaili miezi miwili iliyopita, nayo imemchagua. Wakamtumia barua kwa baruapepe, wakamwomba ajibu ndani ya siku tatu. Mshahara wa Geita unazidi wa Nyakato.

Kuchagua hakukumsumbua. Mama yake, dada yangu, anaumwa miguu, na Nyakato anapanda daladala asubuhi, jioni yuko nyumbani. Ubishi ulianza alipouliza, "Sasa Geita niwaambieje?" Kaka zake wakasema asiwaambie kitu, akae kimya, wenyewe wataelewa. Dada yangu akasema awaambie anaumwa, yaishe. Mimi nikasema apige simu kesho asubuhi, ataje ukweli, kisha aandike. Tumelala hatujaelewana.

Msimamo wangu una chanzo. Mwaka 2014 nilifanya usaili wa utunza ghala kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Tulibaki wawili. Nikaambiwa nisubiri simu. Asubuhi nilikuwa Mwaloni, Kirumba, nashindilia dagaa kwenye magunia kwa malipo ya kutwa, simu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie maji. Kila nikisikia mlio nafuta mikono kwenye suruali na kukimbilia pembeni. Zilipita wiki, nikakata tamaa.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na ofisa utumishi wa kile kiwanda kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ulikuwa wa pili. Mwenzako alikubali, halafu akapata Bukoba, hakutuambia. Tulimsubiri wiki tatu. Bosi akachoka, akahamisha mtu wa idara nyingine, nafasi ikafungwa." Kivuko kikafika, akapanda na mizigo yake. Mimi nilibaki kwenye foleni nimeshika tiketi, watu wananipita.

Yule kijana sikumchukia hata siku moja. Kwenda Bukoba ilikuwa haki yake. Kunyamaza wiki tatu, hiyo haki sikubali kwamba alikuwa nayo.

Naomba mawazo yenu, hasa wenye mawazo tofauti.

Mchangiaji wa Igoma:
Mkuu, pole kwa yaliyokupata, lakini sikubaliani na wewe. Nimeitwa usaili mara nne ndani ya miaka miwili. Mara moja nilitoka kijijini Magu kwa nauli ya kukopa, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa tisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia "umekosa". Hata meseji ya maneno mawili. Leo waajiri haohao wadai adabu kutoka kwangu? Adabu ya upande mmoja ni utumwa. Mpwa wako amepata kazi, aende akafanye kazi. Geita wana majina mengine mezani.

Mleta mada:
Ndugu yangu wa Igoma, kwenye habari ya waajiri huna kosa hata kidogo. Umekwenda kwao kwa nauli ya deni, halafu mtu hawezi kukuambia umekosa. Hiyo ni dharau, na ningependa siku moja tuufungue huo mjadala peke yake.

Ila hebu ufuate ukimya wenyewe uone unaishia kwa nani. Bosi wa Geita mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi hata mpwa wangu asipojibu. Umesema wana majina mengine mezani. Basi mwenye jina hilo la pili ndiye wewe, uliyekaa kwenye benchi hadi saa tisa. Simu yake haitalia mpaka wa kwanza aseme hapana. Ukimlipizia mwajiri, jiwe linampiga mwenzako.

Mchangiaji wa Nansio, Ukerewe:
Mimi ni mama mwenye duka la dawa muhimu, naomba nisikike upande wa pili. Duka kama langu haliruhusiwi kuwekwa mtu yeyote tu. Lazima awe amesomea. Mwaka jana nilipata binti, tukakubaliana mshahara, akasema "Ndiyo mama, Jumatatu nitakuwepo." Niliwapigia wengine wawili nikawaambia nimeshapata. Jumatatu hakutokea. Simu inaita, haipokelewi. Jumatano nikaona picha yake WhatsApp, amevaa koti jeupe, yuko kazini Sengerema.

Niliumia, lakini kilichoniuma hasa ni wale wawili. Nilipowarudia, mmoja alikuwa ameshaondoka kisiwani. Yule binti angeniambia Jumapili usiku, hata kwa meseji, ningemwombea heri kabisa. Mwanangu akipata pazuri zaidi nafurahi.

Mchangiaji wa Nyegezi:
Asante mama. Mimi nauliza: kuna ubaya gani kusema unaumwa? Uongo mdogo unaomlinda mtu moyo. Ukimwambia mwajiri "nimepata kwingine" anaona umemdharau, na kesho ukimhitaji mlango umefungwa.

Halafu hakuna aliyegusa hili: mshahara wa Geita ni mkubwa. Mleta mada, kwa nini binti asiwaendee Nyakato na ile barua akawaambia waongeze?

Mleta mada:
Mwaka wa 2014 nilikuwa nadhani Mwanza ni kubwa. Siyo. Ofisa utumishi wa Geita amesoma na mhasibu wa Nyakato, au wanasali kanisa moja, au watakutana kwenye basi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wa Geita na sisi tunashinda pamoja. Mgonjwa wa Jumanne akionekana ghalani tarehe mosi anahesabu magunia ya mbolea, hapo ndipo mlango unapofungwa. Kwa anayesema "nimeshasaini kwingine" hakuna la kugundua baadaye. Tena kuna wadhamini. Binti ameandika jina la mwalimu wake wa chuo kwenye CV; akidanganya, mwalimu ndiye atakayeulizwa.

Kuhusu kupandishiwa dau: kabla hujasaini, jadili mpaka uridhike, ni haki yako. Ukishasaini Ijumaa, kurudi Jumanne na barua ya mtu mwingine mkononi ni kumwambia bosi kwamba saini yako ina siku nne za uhai. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huyu mbachao wake ameshaukalia.

Mchangiaji aliyesoma sheria:
Wakuu, tutenganishe mambo mawili. Binti huyu Geita hajawaambia ndiyo. Kwa Sheria yetu ya Mikataba, pendekezo ambalo hujalikubali halikufungi, kwa hiyo kulikataa hakumletei deni lolote. Anajibu kwa uungwana tu.

Yule wa Bukoba na yule wa Sengerema ni habari nyingine. Ukikubali na jibu lako likamfikia mwenye kutoa ofa, mmeshafungana. Hakuna atakayekukamata ukaripoti kwa nguvu, lakini mwajiri aliyepata hasara ya kweli anaweza kuidai. Na kama umeshaanza kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi: siku 7 ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa mnaolipwa kwa mwezi. Vijana wengi wanaondoka bila kuaga wakidhani mwezi wa kwanza hauna notisi.

Mchangiaji wa Musoma:
Mimi nimefaulu usaili wa serikali, nafasi zikaisha kabla ya jina langu, nipo kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira. Asubuhi nikiamka nafungua simu kuangalia kama kuna tangazo jipya. Mwenye nafasi asiyekwenda kuripoti na hasemi, naomba ajue kuna mtu huku. Sina zaidi.

Mleta mada:
Mdogo wangu wa Musoma, nimekusoma mara mbili. Mungu akufungulie.

Narudisha jibu la leo. Mpwa alipiga saa tatu kasoro asubuhi, amesimama nje kwenye mwembe ili mama yake asisikie. Mimi nilikuwa kando. Mkono ulikuwa unatetemeka. Alisema hivi: "Shikamoo baba. Ni mimi mliyenipigia jana kuhusu nafasi ya uhasibu. Nimeisoma barua yenu na nashukuru sana kwa kuniamini. Ijumaa nilikuwa nimeshasaini mkataba sehemu nyingine, kwa hiyo sitaweza kuja. Nimeona niwaambie mapema ili mmwite mwingine."

Kimya kidogo. Kisha yule mzee akacheka kwa sauti ya upole, akamwambia ni nadra kupigiwa, wengi wanazima simu. Hakumuuliza amepata wapi wala analipwa ngapi, na binti hakuyataja. Baada ya hapo akaandika baruapepe ya mistari minne: shukrani, nafasi aliyopewa na tarehe ya barua yao, kwamba ameshaajiriwa kwingine hivyo anaikataa, na kuwatakia kazi njema. Alikuwa ameongeza mstari wa tano wa kuomba radhi kwa usumbufu, na wa sita. Nikamwambia aifute yote miwili, hakuna alichokosea.

Dada yangu bado anasema angeumwa tu. Tumeachana hapo.

Kabla ya kukata simu, yule mzee alimuuliza kama kuna mwenzake aliyesoma naye anayetafuta kazi. Binti alimtajia mmoja anayekaa Mabatini, anayeuza vocha tangu wahitimu. Huyo ametuma vyeti vyake leo saa saba mchana. Akipigiwa nitawaambia.