Kura ya muvi za sayansi ya kubuni, fantasia na ujasiri: tuhesabu vipi ili mtaa mzima usikike?

Nyakio_Umoja

Habari zenu wapenzi wa muvi. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kuendesha kura ya watu wengi.

Sisi ni kikundi cha mtaani, Umoja. Jumamosi jioni tunatazama muvi kwenye ukumbi tunaoazimwa. Tuna projekta moja, spika mbili na shuka jeupe ukutani. Wanaokuja ni mchanganyiko: wanafunzi wa sekondari, mafundi wa jua kali, akina mama wanaouza mboga pale stejini, na wazee wachache ambao hawakosi hata mvua ikinyesha. Mwisho wa mwaka tunapigia kura muvi tunayoipenda kuliko zote, mradi iwe ya sayansi ya kubuni, fantasia au ujasiri.

Mwaka jana kila mtu aliandika jina moja kwenye kikaratasi. Kwetu mashabiki wa Star Wars ndio wengi, hilo halina ubishi, lakini wakagawanyika. Wengine waliandika ile ya 1977, wengine The Empire Strikes Back ya 1980, wengine Return of the Jedi ya 1983. Vijana waliokaa safu moja wakanong'onezana, wakaandika jina moja wote, wakashinda. Watu waliondoka wamenuna. Kilichoniuma zaidi ni kwamba muvi za Kenya hazikupata kura hata moja, na tunazo nzuri.

Basi nauliza mawili. Tuhesabu vipi? Na je, ni haki kuzitengea za kwetu nafasi yao, au huko ni kuzihurumia?

MwalimuWaHesabu

Nyakio, shida hiyo ina dawa, na mashabiki wa fani hiihii wameitumia miaka mingi. Tuzo za Hugo, za kazi za sayansi ya kubuni na fantasia, zilianza 1953. Hakuna jopo la majaji: wanaopiga kura ni wanachama wa World Science Fiction Convention, yaani wasomaji na watazamaji waliolipa ada. Kwenye karatasi ya mwisho mtu hachagui jina moja, anazipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama hakuna iliyovuka nusu, ile yenye kura chache kabisa inatolewa, na kila karatasi yake inahamia kwa chaguo linalofuata la mwenyewe. Mnarudia hivyo mpaka moja ivuke.

Tuseme mko 40. Safu ya vijana ina 15. Mashabiki wa Star Wars ni 25, ila wamegawanyika 10, 8 na 7. Kwa njia yenu, wale 15 wameshinda hapohapo. Kwa kupanga, 7 wanatolewa kwanza na kuhamia kwenye 10, inakuwa 17. Kisha 8 wanatolewa, nao wakihamia huko inafika 25. Hakuna aliyeibiwa kura, hata wale vijana.

Muwe pia na nafasi ya kusema "hakuna inayostahili". Hugo wanayo, na mwaka 1977 ndiyo iliyoshinda upande wa filamu. Mashabiki walitazama yote yaliyopendekezwa wakasema hapana. Mimi naliheshimu sana jambo hilo.

Na usiogope matokeo yasiyolingana na foleni za sinema. Mwaka 1983 E.T. ilikuwa kwenye orodha ya Hugo, muvi iliyokuwa imeingiza pesa kuliko zote, na mashabiki wakaipa Blade Runner, ambayo kwenye kumbi ilikuwa imedorora.

KibandaKariobangi

Mwalimu amemaliza upande wa hesabu. Dada Nyakio, mimi nakuja na upande wa watu.

Nilikuwa na kibanda cha video Kariobangi, tangu enzi za kanda za VHS mpaka simu zilipoanza kubeba muvi. Mabenchi ya mbao, blanketi dirishani, televisheni moja, na ubao wa chaki nje wa kuandika kitakachoonyeshwa. Mtoto alilipa shilingi tano, mtu mzima kumi. Hapo ndipo nilijifunza mtaa unapenda nini: ni ile muvi ambayo mtu anailipia tena huku mwisho anaujua. Terminator 2 ya 1991 niliionyesha mpaka kanda ikaanza kukwaruza, na bado watu walisimama mlangoni. Walijua sekunde ambayo wangepiga kelele. Kuna nyingine zilizosifiwa magazetini, nikaziweka mara moja, benchi zikabaki wazi.

Kwa hiyo swali lako kwenye karatasi lisiwe "ipi bora". Watu wakiulizwa bora wanaandika ile wanayodhani mtu msomi angeandika. Uliza: ipi ungekuja kuitazama tena Jumamosi ijayo? Utapata majibu mengine kabisa, na yatakuwa ya kweli.

La pili, na hili nalishikilia kwa nguvu zote. Majina ya Kiingereza peke yake yanawafungia watu nje. Zilipokuja muvi zilizosimuliwa na DJ Afro, kibanda changu kilianza kupata wateja ambao hawakuwahi kuingia: akina mama, mabawabu waliotoka kwa zamu ya usiku, wazee waliokuwa wakipita tu. Walizifahamu hadithi zile kwa sauti yake, kwa Kiswahili chake. Mpaka leo ukimtajia mmoja wao jina la muvi atakutazama tu, lakini ukimwambia "yule askari wa chuma cha majimaji anayejigeuza sakafu" atakusimulia kuanzia mwanzo hadi kiwanda cha kuyeyusha vyuma. Huyo ni mpiga kura mzuri kuliko mimi. Bandika picha za muvi ukutani, andika chini yake mistari miwili ya hadithi kwa Kiswahili, halafu ndipo ugawe karatasi.

Kuhusu za kwetu: usizitengee nafasi, zionyeshe. Haziwezi kupata kura kama hazijatazamwa. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, ni kama dakika ishirini tu. Iwekeni kabla ya muvi kubwa, hata chai haitakuwa imepoa. Dunia imeishiwa maji baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani, wanazalisha umeme kwa jasho lao kwenye mashine za mazoezi, na hata mkojo unasafishwa unywewe tena. Wanapewa tembe za kuzuia ndoto. Halafu Asha, anayefanya kazi kwenye jumba la makumbusho, anapokea kisanduku cha udongo kisicho na jina la aliyemtumia, na mbegu ndani yake inaota. Ilipigiwa picha Afrika Kusini na ikafika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, 2010, lakini mwambie mtu wa Umoja anayepanga mitungi kusubiri siku ya zamu ya maji kwamba hiyo ni hadithi ya mbali. Atakukatalia.

BintiWakanda

Naheshimu mawazo yenu, lakini kwangu mshindi anajulikana. Black Panther, 2018. Lupita wetu yumo, na Kisumu ikapata onyesho lake la uzinduzi, watu wakaja na mavazi yao bora. Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi na Hannah Beachler ya mandhari, wote wawili wanawake weusi. Nilipotoka ukumbini sikutaka kuongea na mtu, nilikuwa nimejaa. Mkizipanga kwa hesabu za Mwalimu, si mtaishia na ile ambayo hakuna anayeichukia na hakuna anayeipenda?

MwalimuWaHesabu

Hapana, binti. Muvi isiyo ya kwanza kwa mtu yeyote hutolewa mapema kabisa, hata kama kila mtu ameiweka ya pili. Wapenzi wa kweli lazima wawepo. Kama Black Panther inapendwa unavyosema, itafika.

MamaTaji

Mimi nataka Supa Modo ya Likarion Wainaina iingie, ile ya 2018. Najua kuna atakayesema si fantasia kwa sababu hakuna anayepaa kweli. Jo ni mtoto mgonjwa, ametolewa hospitali kurudishwa kijijini, anapenda muvi za mashujaa, na dada yake anamfanya aamini ana nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinaingia katika jambo hilo, hadi kumtengenezea muvi yake. Nimeitazama na wanangu. Mdogo aliniuliza kama na sisi kwenye ploti tungeweza kumfanyia mtoto mwenzake hivyo, na jioni hiyo tuliongea kuliko tulivyoongea mwezi mzima. Kama fantasia ni kuonyesha mtu anavyotamani dunia iwe, hii ni fantasia kamili. Msiitoe kwa sababu ya neno.

GukaJericho

Wajukuu, ongezeni hili kwenye mistari ya chini ya picha, kwa sababu wengi hawalijui. Katika Return of the Jedi kuna rubani anayekaa kando ya Lando Calrissian, anaitwa Nien Nunb. Sauti yake ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Marekani. Ndani ya chombo cha angani, katikati ya vita, anaongea Gĩkũyũ. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimshika mkono jirani yangu bila kumjua ni nani. Basi hata huko mbali tumekuwepo tangu 1983.

Nyakio_Umoja

Asanteni sana, nimeandika yote. Tutapanga chaguo tatu, na swali litakuwa la Mzee wa Kibanda: ipi ungekuja kuitazama tena. Picha na mistari ya Kiswahili nitaandika mwenyewe, na Guka, lile la Kipsang Rotich litakuwa la kwanza. Pumzi tunaiweka Jumamosi hii kabla ya muvi kubwa, Supa Modo wiki inayofuata mchana ili watoto waje. Mama Taji, nimeiingiza kwenye orodha, na atakayebisha abishe baada ya kuitazama. Za kwetu hazitengewi nafasi.

Kimoja bado kinanisumbua: watoto wa chini ya miaka kumi wapige kura pamoja na sisi, au wawe na yao?

KibandaKariobangi

Pamoja. Shilingi tano zao ndizo zilinilipia kodi.

GukaJericho

Pamoja. Na yangu iandike sasa hivi, nisije nikakosa siku hiyo: ya kwanza Return of the Jedi, ya pili Raiders of the Lost Ark, na ya tatu niachie wazi mpaka niione hiyo ya udongo na mbegu.